Lingzhi Mwekundu na Lingzhi wa Zambarau: Je, Kemia Yake ni Moja?

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili katika kemia ya dawa za asili hapa Morogoro. Nina pakiti mbili za uyoga mkavu wa Ganoderma. Ya kwanza ina vipande vyekundu vinavyong'aa kana kwamba vimepakwa vanishi. Ya pili ina vipande vinavyokaribia weusi, vyenye rangi ya zambarau. Zote mbili zimeandikwa Ganoderma lucidum, na muuzaji ananihakikishia kwamba ni dawa moja kwa sababu kitabu rasmi cha dawa cha China kinaziweka pamoja. Lakini makala ninazosoma zinatoa viwango vya triterpeni vinavyotofautiana hata mara 20 kwa uyoga wenye jina hilohilo. Nilinganishe nini, na kwa njia gani, ili nijue kama pakiti hizi zina kitu kimoja?

Jibu: Ndugu msomaji, muuzaji wako amesema kweli kuhusu kitabu na amekosea kuhusu kemia. Famakopia ya China, tangu toleo la mwaka 2000, inaweka spishi mbili chini ya jina moja la dawa, lingzhi: chizhi, yaani ule mwekundu, unaoitwa humo Ganoderma lucidum, na zizhi, yaani ule wa zambarau, ambao ni Ganoderma sinense. Kuwekwa pamoja huko kumetokana na historia ndefu ya matumizi, wala hakumaanishi kwamba mtu alizipima spishi hizo mbili akakuta viambato vyake ni vilevile. Zilipopimwa kwa makini, zilikutwa zinakaribiana sana katika kundi moja kubwa la kemikali na kutofautiana waziwazi katika kundi jingine. Zinakaribiana katika polisakaridi, ambazo ni minyororo mirefu ya sukari. Zinatofautiana katika triterpeni, ambazo ni molekuli zinazojengwa kutoka kwenye mfupa wa kaboni 30, na hasa katika zile asidi chungu zinazoitwa asidi za ganoderiki. Kwa hiyo jibu la swali lako liko kwenye triterpeni, nazo inabidi uzitazame moja moja wala usizijumlishe.

Kabla ya kugusa kiyeyushi chochote, hata hivyo, yakupasa kulishughulikia jina, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko uliouona kwenye makala imeanzia hapo. Jina lucidum lilitolewa mwaka 1781 na Mwingereza William Curtis kwa uyoga uliopatikana Peckham, ambayo leo ni sehemu ya London. Jenasi Ganoderma yenyewe ilianzishwa miaka 100 baadaye na Mfini Petter Karsten. Wataalamu walipokutana na uyoga mwekundu unaong'aa wa Asia ya Mashariki waliupa jina lilelile la Ulaya, na kwa muda mrefu hapakuwa na chombo cha kuwasahihisha. Tafiti za vinasaba, kuanzia miaka ya 1990, ndizo zilizoonyesha kwamba uyoga unaolimwa China na ule wa Ulaya ni spishi mbili, tena undugu wao si wa karibu kama sura zinavyodanganya: ule wa Ulaya umekaribiana zaidi na Ganoderma tsugae wa Amerika Kaskazini kuliko na ule wa China. Mwaka 2012 Cao, Wu na Dai walipendekeza uyoga wa China uitwe Ganoderma lingzhi. Wapo wanaoshikilia kwamba jina la mwaka 1983, Ganoderma sichuanense, ndilo lenye haki kwa kuwa lilitangulia. Ubishi huo waachie wenyewe. Wewe chagua jina moja, taja sababu yako, usilibadilishe katikati ya tasnifu.

Maana ya haya yote kwa mkemia ni kwamba makala ya zamani inayotaja Ganoderma lucidum kutoka China karibu kila mara inazungumzia lingzhi, ilhali makala ya Ulaya yenye jina hilohilo inaweza kuwa inazungumzia lucidum halisi, na ile isiyotaja asili ya sampuli yake inaweza kuwa inazungumzia chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu bidhaa zinazouzwa Marekani ulikuta kwamba nyingi ya zile zilizoandikwa lucidum zilikuwa na lingzhi ndani yake. Mbele yako, basi, hakuna spishi mbili tu za kulinganisha bali tatu: lucidum ya Ulaya, lingzhi na sinense. Mbili za kwanza zote hutengeneza asidi za triterpeni, na zinatenganishwa kwa uwiano wa asidi hizo pamoja na maumbile: lingzhi ikiwa mbichi na imekomaa ina rangi ya manjano upande wa chini wenye vitundu, na nyama yake huwa na mistari myeusi migumu ambayo lucidum ya Ulaya haina. Kwa sinense tofauti ni ya aina ya molekuli zenyewe, si ya uwiano tu. Na kama siku moja utaokota Ganoderma kwenye kisiki cha mwembe huko Uluguru, usiiandike lucidum kwa sababu tu inang'aa. Lucidum halisi ni uyoga wa nchi za baridi, na nchi za tropiki zina spishi zake nyingi zenye ngozi hiyohiyo ya vanishi.

Sasa tuingie kwenye triterpeni zenyewe. Kuvu huanza kwa kujenga skwaleni, molekuli ndefu yenye atomu 30 za kaboni, kisha vimeng'enya vyake vinaikunja kuwa pete nne zilizoshikana, yaani lanosteroli. Hapo njia inagawanyika. Tawi moja linaelekea kwenye ergosteroli, ambayo karibu kuvu wote wanaihitaji katika utando wa seli zao kama sisi tunavyohitaji kolesteroli. Tawi la pili linapita kwenye vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, ambavyo huongeza oksijeni hapa na pale kwenye pete za lanosteroli na kugeuza ncha ya mkia wake kuwa asidi, na matokeo yake ndiyo asidi za ganoderiki. Asidi mbili za kwanza, A na B, zilielezwa na wataalamu wa Japani mwaka 1982, na tangu hapo zimetambuliwa triterpeni mamia kadhaa katika jenasi hii, zikiwemo asidi za lusideniki ambazo zimepoteza kaboni tatu na kubaki na 27. Jenomu ya uyoga mwekundu wa China iliposomwa mwaka 2012 ilikutwa na jeni zaidi ya 16,000, na miongoni mwake idadi kubwa ya jeni za P450, jambo ambalo linaeleza kwa nini uyoga mmoja unaweza kuzaa molekuli nyingi kiasi hicho kutoka kwenye mfupa mmoja.

Ukipitisha kiziduo cha alkoholi cha uyoga mwekundu, yaani kile ambacho alkoholi imekitoa ndani yake, kwenye kromatografia ya kimiminika, mbinu inayotenganisha viambato, na kuisoma kwa mwanga wa urujuanimno karibu na nanometa 250, utaona msitu wa vilele: asidi za ganoderiki A, B, C2, G, H na nyingine nyingi. Ukipitisha kiziduo cha uyoga wa zambarau kwa utaratibu uleule, sehemu hiyohiyo ya mchoro hubaki karibu tambarare. Asidi hizo ama hazionekani kabisa, ama zipo kwa kiasi hafifu sana. Hii haimaanishi kwamba sinense ni mtupu. Ina ergosteroli na jamaa zake, ina triterpeni za aina nyingine, na ndani yake wataalamu wamezidua hata alkaloidi, yaani misombo yenye nitrojeni, ambazo wamezipa jina la sinensini kutokana na jina la spishi yenyewe. Ina kemia yake, ila si ile kemia ambayo makala mia moja zinaisifu chini ya jina la lingzhi.

Hata ulimi unaipata tofauti hiyo, kwa kuwa asidi za ganoderiki ni chungu mno na uyoga mwekundu uliochemshwa ni mchungu kuliko ule wa zambarau. Maandiko ya kale ya dawa ya China nayo yaliutaja wa rangi nyekundu kuwa mchungu na wa rangi ya zambarau kuwa mtamu. Inavutia, lakini waandishi hao waligawa rangi na ladha kwa kufuata nadharia yao ya elementi tano, kwa hiyo usiuingize ulinganifu huo kwenye tasnifu kama ushahidi.

Hapa ndipo penye mtego ambao naamini umekunasa kupitia makala ulizosoma. Maabara nyingi hazitenganishi triterpeni moja moja. Hupima kile kinachoitwa triterpeni kwa jumla, kwa kuchanganya kiziduo na vanilini, asidi ya asetiki na asidi ya perkloriki, kisha kusoma ukolezi wa rangi karibu na nanometa 550. Kipimo hicho ni rahisi na hakihitaji mashine ya gharama, na Famakopia yenyewe inakitumia: inataka triterpeni na steroli kwa pamoja zisipungue asilimia 0.50 ya uyoga mkavu, zikihesabiwa kana kwamba zote ni asidi ya oleanoliki. Zingatia maneno "triterpeni na steroli". Mmenyuko wa vanilini hautofautishi asidi ya ganoderiki na ergosteroli. Zote mbili huleta rangi. Uyoga wa zambarau, wenye steroli nyingi na asidi za ganoderiki chache au zisizokuwapo, unaweza kuvuka kiwango hicho sawasawa na ule mwekundu. Kulinganisha spishi hizi kwa jumla ya triterpeni ni kama kutaka kumtambua mtu kwa uzito wake bila kumtazama usoni. Mimi jedwali la namna hiyo, likija peke yake, silihesabu kuwa ulinganisho wa spishi.

Kwa upande wa polisakaridi nitakuwa na maneno machache zaidi, kwa sababu hazitakusaidia kutenganisha pakiti zako. Zilizo maarufu ni beta-glukani, minyororo ya glukosi iliyounganishwa kwa kiungo cha kaboni ya kwanza na ya tatu, yenye matawi yanayochipuka kwenye kaboni ya sita. Zipo pia polisakaridi mchanganyiko zenye galaktosi, manosi, zailosi na fukosi. Spishi zote mbili zina hayo, na ukizivunja kwa asidi na kuhesabu sukari moja moja, orodha zinazotoka zinakaribiana mno. Hili si ajabu, kwa sababu sehemu kubwa ya glukani ni vifaa vya ukuta wa seli, na ukuta wa seli ni jambo ambalo spishi za jenasi moja hurithi pamoja bila kubadilisha sana.

Polisakaridi zina kazi nyingine, nayo ni kufichua uchakachuaji. Kipimo cha kawaida cha asidi ya salfuriki pamoja na fenoli au antroni husoma sukari yoyote ile, iwe imetoka kwenye glukani ya uyoga, kwenye wanga wa nafaka, au kwenye maltodekstrini iliyoongezwa kiwandani kama kijazio. Famakopia inataka polisakaridi zisipungue asilimia 0.90, zikihesabiwa kama glukosi. Mtu mjanja anaweza kuvuka kiwango hicho kwa unga wa mahindi. Wewe uliye Morogoro unajua jinsi wakulima wetu wanavyopata mbegu za uyoga: nyuzi za kuvu huoteshwa juu ya punje za mtama au ngano zilizochemshwa. Zipo bidhaa za dawa zinazotengenezwa kwa njia hiyohiyo, nyuzi na nafaka vikakaushwa na kusagwa pamoja, kisha pakiti ikajisifu kwa polisakaridi nyingi. Tone la iodini litakuambia mara moja, kwa sababu wanga wa nafaka utageuka bluu iliyokolea na beta-glukani haitageuka. Mwaka 2017 kulichapishwa uchunguzi wa sampuli 19 za virutubisho vya Ganoderma vilivyonunuliwa Marekani, na ni 5 tu zilizokuwa na viambato vinavyolingana na lebo. Baadhi hazikuwa na triterpeni zilizotarajiwa, na polisakaridi zake zilielekea kuwa za aina ya wanga.

Sasa nirudi kwenye ule utofauti wa mara 20. Usidhani kwamba waandishi wote hao walipima vibaya. Mara nyingi tofauti imo kwenye kigawanyo, yaani kile ambacho asilimia inahesabiwa juu yake. Chukua mfano wa kubuni: gramu 100 za uyoga mkavu zinatoa gramu 4 za kiziduo cha alkoholi, na ndani ya kiziduo hicho mna gramu 0.8 za triterpeni. Mwandishi wa kwanza ataandika kwamba uyoga una triterpeni asilimia 0.8, wa pili, aliyepima kiziduo, ataandika asilimia 20. Wote wawili wamepima sampuli moja na wote wako sahihi, na tayari umepata tofauti ya mara 25 bila uyoga kubadilika hata kidogo. Ongeza hapo kwamba mmoja ametumia asidi ya oleanoliki kama rejea, yaani dutu safi ya kulinganishia, na mwingine asidi ya ursoliki au asidi ya ganoderiki A, ambazo hazileti rangi kwa nguvu ileile, na namba zinazidi kuachana. Unapochora jedwali lako la makala zilizotangulia, weka safu ya kigawanyo na safu ya rejea, na kila makala isiyoyataja hayo uiondoe kwenye hesabu.

Sababu nyingine ziko kwenye uyoga wenyewe. Kofia kwa kawaida ina triterpeni nyingi kuliko shina, na vipande vya dukani huwa vimechanganywa. Umri unabadilisha mambo, na mahali pa kuoteshea pia: nchini China wakulima hutumia ama vipande vya magogo vilivyofukiwa ardhini ama mifuko ya vumbi la mbao lililochanganywa na pumba, na mazao ya njia hizo mbili hayalingani. Nyuzi zinazooteshwa ndani ya matangi ya kimiminika zina kemia yao tena, kwa kuwa humo ndimo zinapotawala asidi kama ganoderiki T, S na Mk, ilhali katika uyoga uliochanua zinatawala A, B na wenzake. Unga wa spora nao ni jambo la tatu, kwa sababu umejaa mafuta. Mtu akilinganisha nyuzi za spishi moja na kofia ya spishi nyingine, amelinganisha hatua za maisha, na hitimisho lake kuhusu spishi halina msingi.

Kiyeyushi kinafanya uchaguzi kabla hujaanza kupima. Maji ya moto huchukua polisakaridi na kuziacha nyuma triterpeni nyingi. Ethanoli au methanoli hufanya kinyume chake. Kwa hiyo chai ya lingzhi na tincha ya lingzhi (iliyoloweshwa kwenye alkoholi), hata zikitoka kwenye kofia moja, zitaonekana mashineni kama dawa mbili. Kwa kazi yako ningekushauri uzidue kila sampuli kwa ethanoli kwa ajili ya triterpeni, kisha masalia yake uyachemshe kwa maji kwa ajili ya polisakaridi, na utaratibu huo uwe uleule kwa pakiti zote mbili, kuanzia ukubwa wa chembe za unga hadi dakika za kuzidua.

Ukifika kwenye mashine, jihadhari na jambo moja ambalo limewaponza wengi. Asidi ya ganoderiki A na asidi ya ganoderiki B zina fomula moja, C30H44O7, na masi moja ya takriban 516. Spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ikikupa ioni hasi ya 515, hujui bado umeona ipi kati ya hizo mbili, au ya tatu yenye fomula hiyohiyo. Lazima uwe na rejea halisi za kulinganisha muda wa kutoka kwenye safu ya kromatografia, na ni vyema utazame pia umbo la wigo wa urujuanimno: asidi za kundi la A zina kilele kimoja kipana karibu na nanometa 250 na ushei, ilhali zile zenye vifungo viwili maradufu mfululizo katika pete zake huonyesha vilele vitatu, karibu na nanometa 236, 243 na 252. Rejea hizo ni ghali. Kama bajeti yako inaruhusu chache tu, anza na A, B na C2 pamoja na ergosteroli, kwa sababu nne hizo zinatosha kutenganisha wekundu na zambarau.

Kuna suala la idadi ya sampuli, nalo ni zito kuliko suala la mashine. Pakiti moja nyekundu na pakiti moja ya zambarau zitakuruhusu kulinganisha pakiti mbili, hazitakuruhusu kulinganisha spishi mbili. Tofauti utakayoiona inaweza kutokana na spishi, shamba, mwaka wa mavuno, au miezi ambayo mzigo ulikaa ghalani. Tafuta sampuli kadhaa za kila spishi kutoka sehemu mbalimbali, kisha urefu wa vilele vyote uuweke kwenye uchanganuzi wa viambajengo vikuu, hesabu ya takwimu inayozipanga sampuli kama nukta kwa jinsi zinavyofanana, uone kama nukta zinajikusanya kwa spishi au kwa mahali zilikotoka. Walioifanya kazi hiyo kwa spishi hizi mbili walikuta zinajikusanya kwa spishi pale zinapotumika triterpeni, na hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kukujibu hivi.

Tofauti ya namna hii haikuanzia kwa Ganoderma wala haiishii hapo. Kuvu wa viwavi wa milima ya Tibeti, Ophiocordyceps sinensis, huuzwa kwa bei ya kutisha, na ndugu yake wa bei nafuu anayelimwa, Cordyceps militaris, huuzwa kama mbadala wake. Kodisepini, kiambato kinachotajwa sana katika matangazo ya wote wawili, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 kutoka kwa huyo wa bei nafuu. Yeye ndiye mwenye kundi la jeni za kuitengeneza, na yule wa bei ghali hana kundi hilo. Kiambato ambacho Famakopia inakipima kwa kuvu wa Tibeti ni adenosini, ambayo imo karibu katika kila seli hai, na kwa hiyo haimtofautishi na mwingine yeyote. Utaona kwamba kasoro ni ileile ya steroli za Ganoderma: kinachopimwa ni kile walicho nacho wote.

Hukuuliza kama mwekundu ni dawa bora kuliko wa zambarau, lakini msimamizi wako au mteja wa muuzaji huyo atakuuliza, basi nijibu mapema. Kemia hailijibu swali hilo. Asidi za ganoderiki zimeonyesha shughuli nyingi kwenye seli za maabara na kwa panya, na vitu vingi huonyesha hivyo. Tathmini ya Cochrane, mtandao unaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, ya mwaka 2016 kuhusu saratani haikupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha lingzhi kuwa tiba ya mstari wa mbele, na ile ya mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya moyo kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili haikuunga mkono matumizi yake. Kwa upande wa pili, zimewahi kuripotiwa kesi za ini kudhurika kwa watu waliokuwa wakitumia unga wa uyoga huu, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumweleza daktari wake kabla ya kuugusa. Kwa hiyo asidi nyingi kwenye mchoro zinakuambia uyoga ni wa spishi gani, hazikuambii mgonjwa atapata nini.

Kwa pakiti zako, basi, fuata mpangilio huu. Chukua kipande cha kila moja kabla ya kusaga, kipeleke kikasomwe vinasaba katika eneo la ITS, sehemu ya vinasaba inayotumika kutambua spishi za kuvu. Uyoga mkavu ambao haujachemshwa kwa kawaida bado una vinasaba vya kutosha, lakini usijaribu hivyo kwa kiziduo cha unga kilichopikwa kiwandani. Weka kipande kingine kwenye bahasha, kiandike namba na tarehe, ukihifadhi kama kielelezo, kwa sababu jina linaweza kubadilika tena na atakayekuja baada yako atahitaji kukirudia. Kisha zidua, pima asidi tatu nilizozitaja pamoja na ergosteroli, na kila namba uiandike kwa miligramu kwa gramu ya uyoga mkavu. Pakiti ya zambarau isipoonyesha asidi hizo, na vinasaba vikathibitisha ni sinense, andika "hazikugunduliwa" pamoja na kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yako inaweza kukisoma, wala usiandike sifuri. Na pakiti nyekundu, ikithibitika kuwa ni ile ya China, iandike Ganoderma lingzhi, ukiongeza katika mabano kwamba iliuzwa kwa jina la Ganoderma lucidum.